Hati Iliyopanda Ghorofa ya Saba

Tarehe 4 Februari

Kwa mpwa wangu, Binti Maswali,

Pokea salamu nyingi kuliko bolti za lifti zote ninazozitunza, na lifti hizo ni kumi na nne, usisahau. Mimi ni mzima, nimenawiri mpaka suruali zimeanza kunikataa. Mguu wa kushoto unalalamika kwenye ngazi, lakini fundi lifti akionekana anapanda ngazi ni aibu ya ukoo, kwa hiyo mguu hauna pa kupeleka malalamiko. Dada yangu, mama yako, hajambo? Mwambie kaka yake ni yule yule, ila bei imepanda.

Utashangaa kuona barua kama watu wa zamani. Simu nimeizima. Kila anayepiga siku hizi anajua majina yangu yote matatu, na mtu anayekuita majina matatu hana habari njema.

Sasa sikiliza jambo la heri. Unaijua kadi yangu ya mkopo, ile ya rangi ya dhahabu, nikiichomoa dukani muuzaji ananyooka mgongo. Basi imezaa kadeni. Si deni, kadeni: laki nne na elfu themanini. Riba ni asilimia nne kila mwezi, na mwanaume mwenye akili hakai akinyonywa kama muwa. Nimempata bwana mmoja ana ofisi ghorofa ya saba, katika jengo mojawapo ninalolitunza. Mimi namwita Bwana Suti. Huyo anakaa na wakubwa wa benki meza moja, anawabana, riba inashuka kutoka nne hadi moja. Nne hadi moja, Binti Maswali! Hata lifti yangu haishuki vizuri hivyo. Kwake huenda jioni baada ya kazi, na huvaa lile koti la kijivu la harusi ya mama yako. Ukienda kwa watu wa maana na ovaroli watakupa fagio.

Ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo. Mama yako atie sahihi penye alama ya penseli, airudishe kwa posta. Asijisumbue kuisoma, maandishi ni madogo, yatamuumiza macho bure.

Ni mimi mjomba wako,
Mkurugenzi wa Usafiri wa Kupanda na Kushuka


Tarehe 19 Februari

Shikamoo Mjomba,

Huku hatujambo. Mama alishikwa na kikohozi, kimeondoka, kimemwachia sauti ya kizee ambayo sasa anaitumia kunituma huku na huku. Mimi bado nipo mapokezi, kliniki ya meno. Watu wanaingia wameshika shavu, wananiambia, "Haliumi sana, dada." Nimewazoea. Kwa hiyo nilipoona umeandika "kadeni", nikajua jino limeoza mpaka kwenye mzizi.

Karatasi yako nimeisoma mimi, macho yangu bado mapya. Inasema Mama anakubali nyumba iwe dhamana. Nyumba, Mjomba! Hii hii tunayolala, aliyowaachia Babu wewe na Mama nusu kwa nusu. Nimeigeuza mbele na nyuma, sijaona popote neno riba.

Halafu nikakaa na kalamu. Siku zote unatuambia kila mwezi unalipa kile kima cha chini, elfu ishirini na nne, tena unajisifu hujawahi kukosa. Riba ya asilimia nne juu ya deni lako ni elfu kumi na tisa na mia mbili. Kwa hiyo kwenye zile elfu ishirini na nne, deni lenyewe linaonja elfu nne na mia nane tu. Na hapo uwe hujanunua hata soksi kwa hiyo kadi.

Nina maswali matatu. Hati ya nyumba, uliyokabidhiwa uitunze kwenye lile sanduku la bati kwa kuwa ndiye mkubwa, iko wapi leo? Huyo bwana amekuomba ada kabla ya kufanya kazi yoyote? Na amekukataza kuzungumza na benki mwenyewe?

Mama hajatia sahihi. Nimemwambia kalamu imekwisha wino.

Mpwa wako


Tarehe 2 Machi

Marahaba,

Hatujambo huku, wazima wa kutosha. Nimetengeneza lifti ya hospitali kuu peke yangu. Mafundi watatu walishindwa, nikagusa waya mmoja, ikaondoka kama imeitwa. Daktari mkuu akanipa mkono, na mkono wangu ulikuwa na grisi, na hakuufuta. Hayo nakwambia ili ujue unaandikiana na nani.

Maana barua yako, mwanangu, ni ya askari polisi. Nimekubeba mgongoni ukiwa na surua. Friji mnayoifungua kila asubuhi imo ndani ya hilo deni unalolipigia hesabu. Viatu vya watoto wa mlinzi wetu vimo. Miwani ya mama yako imo. Mimi sikukopa nikanywe. Nina mkono mpana, basi, na kadi ilikuwa nyembamba kuliko mkono.

Ndiyo, nimelipa ada ya kufungua faili, elfu thelathini. Kidogo tu. Ndiyo, amesema nisiwaguse benki, kwa sababu nitavuruga mazungumzo yake. Anahudumia watu mia kwa siku, hawezi kuwa anabembeleza kila mmoja.

Lakini hebu niulize na mimi, maana hata mimi nina kichwa. Wewe umejuaje kuna ada kabla sijasema? Umejuaje amenikataza benki? Mtu akijua njia ya mwizi, ama ni mwizi, ama ametumwa na mwizi. Isije ikawa kuna mtu huko anakunong'oneza kuhusu nusu yangu ya nyumba. Nimesikia una mchumba. Fundi wa vioo, nasikia. Watu wa vioo wanapenda sana nyumba za watu.

Mletee mama yako kalamu nyingine.

Mjomba


Tarehe 11 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mama anakusalimu. Anasema miwani inamsaidia sana, leo ameitumia kuisoma ile karatasi yako. Ameisoma mara mbili. Halafu akaenda kufua, na alikuwa ameshafua asubuhi.

Mchumba yupo. Mara ya kwanza kusikia habari ya nyumba ni alipokuwa ananisomea barua yako kwa kicheko, akafika pale kwenye watu wa vioo. Anauliza kama umewahi kumwona mtu wa vioo akitupa mawe.

Nilikuuliza maswali matatu, umejibu mawili. Nakuuliza tena lililobaki: hati iko wapi?

Huna haja ya Bwana Suti. Riba inaombwa. Unakwenda benki yako mwenyewe, ghorofa ya chini, dirisha la mikopo, unawaambia: nimelipa miaka mitano sijakosa, riba imenilemea, nishushieni. Kuomba ni bure. Wanaweza kukataa, lakini hawatakuomba nyumba ya dada yako ndipo wakukatae.

Mpwa wako


Tarehe 20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Siku arobaini bila jibu. Wewe! Wewe ambaye ukipiga chafya unaandika kurasa mbili. Nilituma ujumbe kwa simu ya mlinzi wenu, akanijibu kwamba upo, unakula vizuri, ila umeacha kuimba. Hapo ndipo nilipoogopa.

Mama haulizi. Anapita karibu na mlango posta ikifika, anajifanya anafagia. Jana nimemkuta amesimama ukumbini amegusa ukuta kwa kiganja, kama mtu anayepima homa ya mgonjwa.

Uliniuliza nimejuaje. Sikukujibu kwa sababu ya aibu. Nitakuambia sasa, na ukimwambia Mama sitakusamehe.

Na mimi nina kadi, Mjomba. Niliichukua mwaka juzi kwa kukuiga. Nilikuona unavyoichomoa dukani, nikasema na mimi nitanyoosha watu migongo. Ikafika laki moja na ishirini. Akanipigia mwanamke mwenye sauti tamu, akaniita majina yote matatu, akasema watanipunguzia riba. Ada ya kufungua faili elfu ishirini. Usizungumze na benki, utavuruga mazungumzo. Usilipe mwezi huu, benki waone umebanwa. Nikalipa ada, nikaacha kulipa benki. Yule mwanamke hakupokea simu tena, na benki wakanipiga faini juu ya riba. Wangeniomba hati, Mjomba, nami ningekuwa nayo, ningewapa. Najijua.

Nilikwenda benki mwenyewe. Wakanisikiliza. Wakaniambia lipa miezi mitatu mfululizo kwanza, tuone nia yako, kisha rudi. Nikarudi. Wakashusha kutoka nne hadi moja na nusu, kwa sharti moja: kadi inafungwa, unabaki na deni la kulipa tu, kila mwezi kiasi kile kile. Hakuna aliyekaa na mtu meza moja. Karani alikuwa na mafua.

Sasa nakuuliza swali moja jipya, la mdaiwa kwa mdaiwa. Huyo Bwana Suti anahudumia watu mia kwa siku. Siku zote ulizokwenda kwake, umewahi kumkuta mtu hata mmoja kwenye benchi?

Mpwa wako


Tarehe 9 Mei

Kwa Binti Maswali,

Salamu. Mimi mzima, mwongo ni mimi.

Hati ilikuwa kwake tangu Januari, kabla hata sijakuandikia barua ya kwanza. Nilimpa mwenyewe kwa mikono yangu, akaniandikia risiti yenye muhuri mzuri kuliko wa serikali. Ilikuwa inakosa sahihi ya mama yako tu. Ungempa kalamu, leo tungekuwa tunaandikiana barua kutoka chini ya mti. Siku arobaini hizo nilikuwa nakaa na kalamu nashindwa kuandika sentensi moja. Mimi!

Swali lako la benchi lilinichoma. Nilifikiri usiku kucha, asubuhi nikapanda chumba cha mitambo, kule juu kabisa ya jengo. Kuna kitu watu hawakijui. Lifti inahesabu. Kila mlango unapofunguka, kila ghorofa, mashine inaweka alama, na mimi kila mwisho wa mwezi naandika kwenye daftari langu ili nijue mlango gani umechoka. Nimeandika miaka kumi na minane bila kuwaza hizo namba zinasema nini kuhusu watu.

Nikafungua Aprili. Ghorofa ya sita, kwa wakili mmoja mkorofi, mlango umefunguka mara elfu moja na mia nne. Ghorofa ya saba, mara mia moja na kumi na mbili. Mwezi mzima! Yeye mwenyewe kuingia asubuhi, kwenda kula mchana, kurudi, kuondoka, mara nne kwa siku ishirini na mbili za kazi, toa themanini na nane. Mimi na koti langu nimekwenda mara kumi, kupanda na kushuka, toa ishirini. Zinabaki nne. Watu wawili, Binti Maswali. Watu mia kwa siku ni watu wawili kwa mwezi, na mmoja wao nahisi ni muuza karanga.

Nikaenda jioni ile, na koti, nikaomba hati yangu kwa adabu. Akacheka, akasema, "Mzee wangu, Mkurugenzi, ipo benki kuu inakaguliwa, njoo Ijumaa." Nikamwamini nusu. Nusu nyingine nikaibakiza.

Jumatano nikapata taarifa kutoka kwa msimamizi wa jengo. Unajua mpangaji akihama lazima aombe lifti siku moja kabla, ili fundi atundike mablanketi ndani, makabati yasikwaruze kuta. Fundi ni mimi. Karatasi ikasema: Alhamisi, saa sita mchana, ghorofa ya saba, makasha manne.

Na hapo ndipo shida yangu ilipokuwa. Yule bwana hajui mimi ni fundi. Nilimwambia tangu siku ya kwanza kwamba mimi ni mkurugenzi. Nikavuliwa nguo na ulimi wangu mwenyewe! Nikitaka hati lazima nimtokee na ovaroli, grisi mpaka kwenye nyusi, blanketi begani. Nilikaa kwenye ndoo yangu ya vifaa nikabishana na nafsi. Nakuapia, ilikuwa kidogo nimwache aondoke na nyumba ya dada yangu kuliko anione na ovaroli. Kidogo hivi. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo.

Nikamwita msimamizi na walinzi wawili, nikawaambia yote, na ukurugenzi wangu nikautaja, wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha tukasubiri. Saa sita akaja na makasha. Akaniona, hakunijua. Akasema, "We fundi, shika hili, taratibu." Nikalishika. Nikalibeba kwa heshima zote mpaka kwenye meza ya walinzi, nikasema, "Hili limefika, Bwana. Ghorofa ya chini. Wanaoshuka washuke." Ndipo akanitazama usoni, akaona koti halipo, mtu yupo.

Walinzi wakalifungua, na ndani ya kasha mlikuwa na hati tisa za watu, yetu ikiwemo. Tisa! Wengine aliwafuata majumbani, ndiyo maana lifti haikuwajua. Polisi wamemchukua, msimamizi amewapigia wenzangu wanane. Ada yangu haikuonekana, nimeifanya karo ya shule.

Hati ipo ndani ya bahasha hii. Ile alama nyeusi pembeni ni kidole gumba changu. Ni grisi, haitoki.

Mjomba


Tarehe 21 Mei

Shikamoo Mjomba,

Imefika. Usikasirike, sikuiamini. Nimeishika kwenye mwanga, nimetazama muhuri, nimeangalia sahihi ya Babu na ile herufi yake ya mwisho inayoanguka kama mtu aliyejikwaa. Mama ameipokea, hakutazama sahihi wala muhuri. Ametazama kile kidole chako cheusi, akasema, "Ni ya kweli. Tangu utotoni hajui kunawa."

Halafu amelia kidogo, halafu amepika chakula cha watu kumi na tuko wawili.

Lakini sijamaliza na wewe. Bwana Suti ameondoka, riba haijaondoka. Siku kumi zijazo ni mwisho wa mwezi na zile elfu kumi na tisa zitakuja tena bila suti na bila makasha. Umekwenda benki? Usiniambie umekwenda kama hujakwenda. Nitakuomba karatasi.

Mpwa wako, ambaye hakuamini bado


Tarehe 30 Juni

Kwa mpwa wangu,

Salamu kwa wote, na kwa yule mtu wa vioo pia. Mwambie nimemfutia mashtaka, ila akija kuposa aje mchana nimwone vizuri.

Nimekwenda. Karatasi hiyo hapo ndani, isome, najua utaanza na muhuri. Nilivaa ovaroli makusudi. Nilikaa kwenye foleni saa mbili, na watu kwenye foleni ile, Binti Maswali, nusu yao wamevaa kama mimi nilivyokuwa naenda ghorofa ya saba. Makoti matupu! Nilitaka kusimama niwahutubie, mguu ukakataa.

Mama wa dirisha la mikopo hakunyooka mgongo hata kidogo. Nikasema kama ulivyonifundisha: miaka mitano sijakosa, riba imenilemea, nishushieni. Maneno hayo ni mepesi kuandika. Kuyasema yalinitoka kama jino lenu la mizizi mitatu. Akapekua, akanung'unika, akaenda ndani, akarudi. Asilimia moja na nusu. Nalipa zile zile elfu ishirini na nne, lakini sasa riba inachukua elfu saba na mia mbili, deni linakula elfu kumi na sita na mia nane. Miaka miwili, nimemaliza. Kwa mwendo wa zamani ilikuwa miezi arobaini na moja, na hiyo ni kama ningeacha kununua, na sisi wote tunajua nisingeacha.

Akasema, "Kadi, Mzee." Nikamuuliza kama naweza kubaki nayo kwa kuitazama tu. Akatoa mkasi. Alipoikata, nilihisi kama nimenyolewa masharubu hadharani. Nikaomba vipande. Akanipa. Kimoja nimekitupa, kingine kinanifaa sana kukwangua uchafu kwenye reli za mlango wa lifti. Mambo ya dhahabu hayo, yanafanya kazi mwishowe.

Wewe kwenye laki moja na ishirini yako umebakisha ngapi? Usinifiche, na mimi ni mtu wa maswali sasa. Mama yako sitamwambia, ingawa nadhani anajua. Yule anafagia sana.

Jambo la mwisho. Hati msinirudishie. Ndiyo, mimi ndiye mkubwa, na sanduku la bati lina kufuli la maana. Ifiche huko huko, na usiniambie umeiweka wapi. Siku nikikuandikia kwa maneno matamu kwamba nimempata bwana mmoja, na kwamba ni jambo la heri, na koti la kijivu nimelipiga pasi, nikikuuliza hati iko wapi, nidanganye, mwanangu.

Mjomba wako,
Fundi lifti